Nani Humwambia Kombe Aachie: Maisha ya Dada Yetu Arafa Nassoro

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wetu, mama zetu, ndugu, majirani na nyote mliofika hapa Jomvu kwenye khitma hii, kabla sijaanza kusoma tarehe na mahali, nawaomba kwa hisani yenu mfumbe macho kidogo, muone pamoja nami chumba kimoja cha mawe kule Kismayo, chenye dirisha linalotazama bandari, ndani yake meza, na juu ya meza kombe mmoja, mnyama wa baharini mwenye magamba mawili, amejifunga. Mwanamume mwenye mikono ya kazi ameshika kisu, anajaribu kumfungua, anasukuma mpaka mishipa ya shingo inamtoka, na kombe hafunguki. Kisha mwanamke kijana anamwambia aweke kisu chini, anachukua bomba la sindano, anapenyeza kati ya magamba tone dogo la maji yasiyo na rangi, na anakaa kutazama saa ya ukutani. Dakika ya kwanza inapita, ya pili inapita, na kabla ya tatu haijaisha magamba yale yaliyokishinda kisu yanaachana yenyewe, taratibu, wala hayakuvunjika, wala mnyama hakufa. Mwanamume yule ni shemeji yangu Hussein, aliyekaa hapa mbele yetu leo, na mwanamke yule ni dada yangu Arafa, tuliyemzika juzi Jumanne, na siku ile ya mwezi wa Disemba 1988 Hussein alirudi nyuma hatua mbili akasema, "Subhanallah, Arafa, umemwambia nini?"

Swali hilo ndilo lililokuwa maisha yake, na historia hii, niliyoiandika kwa niaba ya familia, itajaribu kuwaeleza alilijibu kwa kiasi gani, na kwa nini ilimchukua miaka ishirini na mitano kukubali kusema kwamba amelijibu.

Marehemu Arafa binti Nassoro Gharibu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kisiwani Kudhaa, akiwa mkubwa kati yetu watoto wawili wa marehemu mzee wetu Nassoro Gharibu, fundi wa kuunda mashua, na marehemu mama yetu Mwanatumu, ambaye kazi yake ilikuwa kuokota kombe maji ya bamvua yanapokupwa, na kuwapeleka Kismayo kuuza. Wasiotoka visiwani wafahamu kwamba safari hiyo wakati mwingine ilichukua siku mbili, na ili kombe wasifunue vinywa na kupoteza maji yao njiani, mama zetu walimfunga kila mmoja kwa mwaa, ule ukuti mwembamba wa mkoma unaosukiwa mikeka, wakampiga fundo moja ubavuni. Arafa alijua kupiga fundo hilo kabla hajajua kusoma alifu, na mimi niliyekuja miaka minne baadaye nilijifunza kwake, nikipigwa kofi la mkono kila nilipolilegeza.

Alisoma chuo cha Kurani hapo kisiwani kuanzia mwaka 1966, akahitimu mwaka 1970, na mwaka huohuo baba alimpeleka Kismayo akae na shangazi yetu, akaanza shule ya msingi, ambako alikuta somo moja likifundishwa kwa lugha moja na jingine kwa lugha nyingine, kisha mwaka 1973 masomo yote yakageuzwa kuwa ya Kisomali, na yeye aliyelelewa kwa Kibajuni akalazimika kuanza upya pamoja na walimu wake. Alimaliza shule ya sekondari mwezi Juni 1980, akafundisha mwaka mmoja kama serikali ilivyowataka vijana wote, na Septemba 1981 akaingia chuo kikuu Mogadishu kusomea elimu ya viumbe, kwa Kitaliano safari hii, akiwa msichana pekee wa visiwani katika darasa lake. Alihitimu shahada ya kwanza tarehe 20 Julai 1985.

Mwezi Januari 1986 aliajiriwa katika kituo kidogo cha kuchunguza viumbe vya bahari huko Kismayo, chenye vyumba vitatu na matangi manne ya maji ya chumvi, chini ya Profesa Abdulhakim, mtu mwenye mzaha mwingi na subira ndogo, ambaye alimkubali pia kuwa mwanafunzi wake wa shahada ya uzamili. Hapo ndipo Arafa alipolichukua swali lake, na kwa kuwa wengi mmenijua kama mwalimu wa watoto wa darasa la tatu, mtaniwia radhi nikilieleza kama ninavyowaeleza wao.

Kombe hana mfupa wala uti wa mgongo, na magamba yake nyuma yana kiungo kinachosukuma kama springi, kwa hiyo yanataka kufunguka wakati wote, na kinachoyazuia ni msuli mmoja katikati. Sisi tukikunja ngumi tukaishikilia, baada ya muda mfupi mkono unatetemeka na kuchoka, maana misuli yetu hula nguvu kila dakika inaposhika, lakini msuli wa kombe ukishashika hujikaza ukakaa hivyo saa nyingi, hata siku nzima, bila karibu kula chochote. Kwa hiyo kwa kombe kushika ni rahisi, na kazi ni kuachia, kwa sababu msuli hauachii mpaka uambiwe, na anayeuambia ni neva, na neno la neva ni kemikali inayoitwa serotonini. Juu ya msuli kuna vitu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, vinaitwa vipokezi, vimekaa kama masikio yanayosubiri neno hilo moja tu, na serotonini ikifika, kipokezi hugeuka umbo na kupeleka habari ndani, na msuli uliokuwa kama jiwe unalegea. Arafa akiyaeleza haya hapa Jomvu, akiwa amekaa kwenye kigoda anamenya vitunguu, alikuwa akisimamisha kisu na kusema, "Na hiyo serotonini ya kombe, jamani, ndiyo hiyohiyo iliyo tumboni mwako na kichwani mwako, haina tofauti hata punje, ila huku kwako imekuta masikio mengine, ikawa na maana nyingine." Alikuwa akilisema hilo kila mara kama mtu aliyeambiwa asubuhi hiyo.

Watu wa nchi nyingine walikuwa wamekwisha kuyajua hayo kwa kombe wa bahari za baridi, na kazi ya Arafa ilikuwa kuona kama kombe wetu, wa maji ya moto, wanasikia neno lilelile. Kwa miezi thelathini na zaidi jibu lilikuwa kwamba hawasikii. Aliufunga msuli kwenye kijiti chepesi chenye wino, kijiti kikachora mstari juu ya karatasi inayozunguka, akatia serotonini, na mstari ukaendelea ulivyokuwa, siku baada ya siku, mpaka Profesa Abdulhakim akawa akipita mlangoni na kuuliza, "Dada Arafa, ile dawa yako ya maji ya chumvi inaendeleaje?" Dawa yenyewe ilikuwa ikiletwa kutoka Italia kwenye kichupa kidogo kuliko kidole, na kila kichupa kilisubiriwa kwa miezi.

Katikati ya shida hiyo, siku ya Ijumaa tarehe 7 Agosti 1987, alifunga ndoa na Hussein, fundi wa mashine za boti, na tarehe 2 Novemba 1988 wakajaliwa mtoto wao wa kwanza, Hanan. Mama yetu alitoka Kudhaa kuja kumuuguza mzazi, na siku ya arobaini ilipokwisha alitaka kuona mahali ambapo mwanawe anashinda, kwa sababu, alivyosema, hajawahi kusikia mtu analipwa mshahara kwa kutazama kombe. Mimi nilikuwepo. Mama aliingia na buibui lake, akazunguka matangi, akasimama kwenye ndoo iliyokuwa na kombe wanaosubiri zamu, kila mmoja amefungwa kwa mwaa, fundo ubavuni, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Arafa, hawa umewafunga wewe?"

"Nimewafunga mimi, mama. Kila jioni nawafunga, wasipoteze maji."

"Wamo ndani ya maji, mwanangu. Watapotezaje maji?"

Arafa alikuwa akiwafunga kwa mazoea ya mikono tu, kama ambavyo binti yeyote wa Kudhaa angefanya. Mama akamchukua mmoja, akakata mwaa kwa meno, akamfungua kwa kidole gumba bila taabu. "Waona? Aliyefungwa siku mbili hujilegeza, ndiyo maana twawafunga, siyo maji peke yake. Mchu," alisema kwa Kibajuni chetu, maana yake mtu, "akishikiwa mzigo hana haja ya kujishika. Sasa wewe hiyo dawa yako wampa wa nini, naye ameshaachia zamani?"

Nimefundisha shule miaka thelathini na sita, na sijaona tena uso wa mwanafunzi ukibadilika kama ule wa dada yangu. Alikaa chini sakafuni, mwanamke mwenye shahada na mtoto wa siku arobaini mgongoni, akawa anarudia, "Nilijua, nilijua tangu mtoto, nilijua," kwa sababu ni kweli alijua, kila mwanamke wa kisiwani anajua kwamba kombe wa jana ni laini, lakini hakuwahi kufikiri kwamba jambo linalojulikana jikoni linaweza kuwa na haki ya kuingia kwenye chumba kile. Msuli wa kombe aliyefungwa ulikuwa umekwisha kulegea, na neno la kuachia haliwezi kuonekana kwa asiyeshika.

Wiki hiyohiyo aliwaacha kombe bila kufungwa, wakajishika wenyewe, na wa kwanza wao ndiye yule wa mezani, aliyemshinda Hussein na kisu chake. Kufikia Machi 1989, kichupa kilipokwisha, alikuwa amejaribu kombe kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja waliachia. Profesa alizitazama karatasi zote, moja baada ya nyingine, akaacha mzaha, akamwambia kwamba ameona jambo la ajabu lakini bado hajalithibitisha, maana kumi na mmoja ni wachache, na kila aliyepewa dawa anahitaji mwenzake anayepewa maji matupu, na anayesoma mstari asijue ni upi wa yupi, asije akaona anachokitaka. Alimpangia kurudia kwa kombe ishirini wa dawa na ishirini wa maji, na akamwahidi kwamba hapo shahada itakuwa yake. Kichupa kipya kilifika Disemba 1990, na kombe arobaini waliwekwa tangini Januari 1991.

Ndugu zangu, hakuna haja ya kuwasimulia ninyi vita vya mwezi ule na miezi iliyofuata, kwa kuwa wengi wenu mlikuwemo. Tarehe 11 Februari 1991, asubuhi, risasi zikiwa upande wa pili wa mji, Hussein alikuja mbio kutoka gatini kusema kwamba kuna boti inaondoka na ina nafasi kwa wenye watoto, akamkuta Arafa anatoka mlango wa kituo na ndoo mbili, anakwenda ufukweni, anamwaga kombe baharini, anarudi. Umeme ulikuwa umekatika na maji ya tangi yalikuwa hayaendi.

"Wewe Arafa! Watu wanakimbia na watoto, wewe wakimbia na kombe?"

"Wataoza humu, Hussein. Shika ile ndoo nyingine."

"Wallahi wanawake wa Kudhaa!" alisema Hussein, akaishika ile ndoo. Walikwenda safari tatu. Karatasi zake zote zilibaki kabatini, kichupa kilibaki, na alichotoka nacho ni Hanan, nguo, na daftari moja la kumbukumbu ambalo lilikuwa kwenye mkoba wa maziwa ya mtoto. Profesa Abdulhakim alisema atafunga kituo kisha atafuata, na hatukumwona tena wala kusikia habari zake, Mungu amrehemu popote alipolala. Boti ilipita Kudhaa kuwachukua wazazi wetu nami, ikapumzika Burgao siku mbili kwa kukosa mafuta, na tarehe 19 Februari tukafika Mombasa, tukapokelewa, na baadaye tukapewa mahali katika kambi hapa Jomvu. Mama yetu Mwanatumu alifariki kambini tarehe 3 Juni 1992, na baba akamfuata mwaka 1995.

Tarehe 28 Aprili 1993 Arafa na Hussein walijaliwa mtoto wao wa pili, Mzamil. Mwaka uliofuata kulitangazwa kazi ya mkufunzi wa sayansi, kwa mkimbizi mwenye shahada ya uzamili, na mshahara wake ungetutoa sote kwenye turubai, na fomu ilikuwa na mstari unaouliza kama shahada imekamilika. Leo nakiri mbele yenu kwamba mimi ndiye niliyemsihi aandike ndiyo. Nilimwambia, "Dadaangu, kazi ilikwisha, ilibaki kurudia tu. Nani atakayekwenda Kismayo kuuliza? Kituo hakina hata paa." Akaniambia, "Hakuna." Nikamwambia, "Basi andika." Hanan alikuwa amelala kwenye mkeka ana homa, Hussein ametoka kutafuta kibarua, na Arafa alikaa na ile fomu mpaka chai ikapoa, akaandika kwa herufi za wazi, "Haijakamilika. Sijarudia jaribio." Akanitazama na kusema, "Usikasirike, Rashad. Nikiandika ndiyo hapa, nitaanza kuamini mwenyewe, na nikiamini sitakuwa na sababu ya kurudia." Kazi ilipewa mtu mwingine. Nilikasirika, na sikusema naye vizuri kwa muda mrefu, na nimeona ni haki liandikwe.

Alifanya kazi ya kupara samaki kuanzia 1994, kambi ilipofungwa na baadhi ya ndugu wakarudi visiwani yeye alibaki kwa ajili ya shule ya watoto, na mwezi Mei 1999 alipata kazi ya kuosha vyombo katika maabara ya chuo kimoja hapa mjini. Aliosha chupa na mabomba kwa miaka kumi na mitatu bila kumwambia mtu kwamba amewahi kuvitumia. Nyumbani aliwafundisha watoto wetu, wake na wangu, na hata wa majirani, akawaonyesha moyo wa konokono ukipiga, akawaeleza kwamba serotonini humfanya konokono moyo uende mbio, na kamba wa baharini ainuke kwa miguu yake akasimama kwa fahari, na kwamba kila mnyama ana vipokezi vyake, vya aina nyingi, kimoja huambiwa kaza na kingine huambiwa legeza kwa neno hilohilo. Watoto walikuwa wakimuuliza, "Na kombe, shangazi?" Naye akajibu, "Kombe nadhani huachia. Nadhani." Hakusema zaidi ya hapo hata kwa watoto wa miaka saba.

Mwezi Agosti 2012 mwalimu mmoja kijana wa chuo hicho, Bi Salme, ambaye yuko nasi leo, alikuwa akiwaonyesha wanafunzi msuli wa kombe na msuli haukujibu dawa, akajaribu mara tatu, na mama wa kuosha vyombo aliyekuwa nyuma na beseni lake akauliza kwa upole, "Samahani mwalimu, hawa kombe walikuja wamefungwa?" Bi Salme anasema wanafunzi walicheka, yeye akataka kucheka, kisha akatazama kwenye ndoo akaona mipira myembamba ambayo mchuuzi aliwafungia. Walizungumza mpaka magari ya jioni yakaisha. Kesho yake Arafa alileta lile daftari.

Chuo kilimwandikisha kuwa mwanafunzi tarehe 14 Januari 2013, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Kudhaa haikufikika wakati ule, kwa hiyo kombe waliagizwa kwa ndugu zetu Wabajuni wa upande huu wa mpaka, kwa mwanamke aitwaye Zuleikha, aliyepigiwa simu mara tano kuambiwa asiwafunge. Mara ya tano alikuja juu. "Bibi wee, mimi naokota kombe tangu sijaota meno. Nisiwafunge? Si watakufa njiani, kisha useme Zuleikha kakuuzia mizoga?" Arafa akamwambia, "Waweke kwenye pipa la maji, dadaangu, waachie wajishike wenyewe." Zuleikha akasema, "Haya, wasomi mna kazi," akawatuma kwa pipa, kombe arobaini na wanane, na waliokufa njiani ni wanne tu.

Jaribio lilianza tarehe 4 Machi 2013 na likachukua wiki sita. Ishirini walipewa serotonini, ishirini maji ya bahari matupu, na Bi Salme ndiye aliyejaza mabomba akayapa namba, Arafa akasoma mistari bila kujua ni upi wa yupi. Tarehe 15 Aprili walifungua bahasha ya namba. Wale wa maji, wote ishirini, walikuwa wameendelea kushika. Wale wa dawa, kumi na saba waliachia.

Bi Salme alimkumbatia, akamwambia kwamba imethibitika, na ni kweli ilikuwa imethibitika, hakuna mtu mwenye akili ambaye angeitazama hesabu ile akakataa. Kisha akamwambia kwamba wale watatu yamkini walikuwa wagonjwa kwa safari, na wengi huwaondoa wa namna hiyo kabla ya kuandika. Arafa alikuwa akilia, tena alikuwa amewahi kulia hivyo mara mbili tu maishani mwake, na akajibu huku anajifuta kwa mtandio, "Salme mwanangu, hao hawakuwa wagonjwa. Niliwaona. Walikuwa wameshika vizuri kuliko wote." Akaandika kumi na saba kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa mzima akawapa watatu, umri wao kwa mistari ya magamba, uzito wao, walichokuwa wakifanya dakika baada ya dakika, na mwisho wake akaandika, "Kuna neno jingine hapa ambalo silijui, au kuna kipokezi kingine." Ukurasa wa kwanza wa kazi hiyo, mahali pa kushukuru, aliandika jina la Mwanatumu, mwokota kombe wa Kudhaa, kuwa ndiye aliyeligundua kosa.

Shahada ya uzamili alitunukiwa tarehe 21 Novemba 2014. Jioni ile, hapa uani, alinipa fomu aliyokuwa ameichukua ofisini, fomu yoyote tu, akaniambia nimuulize ule mstari, na nilipomuuliza kama shahada imekamilika alisema, "Ndiyo," kwa sauti, mbele ya watu, na mimi nikamwomba radhi. Kuanzia hapo alikuwa msaidizi wa maabara katika chuo hicho, akafundisha vijana kwa miaka saba, na muda wote uliobaki aliutumia kwa wale watatu.

Mwezi Julai 2021 alianza kuvimba miguu, akapimwa, ikaonekana figo zake zimechoka, akawa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na kwa miezi kumi na sita hakukosa siku hata moja, wala hakuacha kumuuliza muuguzi kila jambo mashine inalofanya. Alfajiri ya Jumanne tarehe 15 Novemba 2022 presha ilishuka, na saa kumi na mbili na robo alifariki dunia, mikononi mwa binti yake Hanan, akiwa na miaka sitini na mmoja na miezi minane, akazikwa siku hiyohiyo baada ya swala ya alasiri. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, na mdogo wake mmoja anayewasomea haya. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumuuliza kwanza karatasi zake za nchi, majirani wa Jomvu mliopika na kuosha na kubeba jeneza, walimu na wafanyakazi wa chuo, hasa wale wa chumba cha kuoshea vyombo, ambao jana walileta beseni lake, na Bi Salme, ambaye kwetu ni mtoto wa nyumba hii. Namshukuru pia bibi Zuleikha, ambaye ametoka mbali, na ambaye ameniambia mlangoni nisisahau kusoma kwamba waliokufa walikuwa wanne tu. Mola amsamehe dada yetu, ampanulie kaburi lake, na ampe pumziko lenye utulivu baada ya safari hii ndefu.

Na ninyi watoto mliokaa mkekani hapo mbele, ambao kesho mtaulizwa shuleni shangazi Arafa aligundua nini, mtajibu vyema kwamba aligundua ni nani humwambia kombe aachie, lakini nawaomba, taratibu tu, wala hamhitaji kuandika popote, mkumbuke kwamba walikuwepo watatu walioambiwa na hawakuachia, na hatujui bado ni kwa nini.